Shokapu za R6 kabla ya kurudi uwanja wa mbio: mabomba ya mbele yaache kwanza

Swali limetoka Ipuli, Tabora. Nimelifupisha bila kugusa vipimo vyake:

"Habari za kazi, fundi. Nina Yamaha R6 ya 2008. Uzito wangu ni kilo 76, nikivaa ovaroli ya ngozi, helmeti na buti nafika 86. Mwezi wa tisa narudi uwanja wa mbio wa Zwartkops, Pretoria. Safari ya kwanza, kila nikibana breki nyuma ilikuwa inanyanyuka na kuyumba. Katikati ya kona mbele inarukaruka kwenye mabonde madogo ya lami, na baada ya mizunguko mitano mikono imeisha. Kabla sijaenda, fundi wangu wa hapa alikaza kila kitu mpaka mwisho ili pikipiki isicheze. Nimepima: nikikaa juu yake nimevaa kamili, mbele inazama milimita 18, nyuma 14. Jamaa ananishauri nipandishe mabomba ya mbele milimita 10 ndipo itakata kona vizuri. Nipandishe?"

Nzuri ndugu yangu. Hapana, usipandishe. Kupandisha mabomba ndani ya vishikio vyake maana yake ni kuishusha mbele ya pikipiki. Ulichoeleza si tatizo la pikipiki isiyotaka kukata kona, ni tatizo la shokapu zilizonyimwa nafasi ya kufanya kazi. Ukiongeza hizo milimita 10 juu ya hali uliyo nayo, nyuma itanyanyuka zaidi kwenye breki na usukani utaanza kutikisika ukiwa kwenye mwendo mkubwa. Tuanzie pale fundi wako alipoanzia.

Fundi wako hana ubaya, amefanya alichozoea. Shokapu za nyuma za bodaboda zina kikombe cha ngazi. Mtu akipakia magunia mawili ya mpunga anazungusha kikombe ngazi mbili juu, pikipiki inanyanyuka, na wote tunasema "imekuwa ngumu". Kumbe haijawa ngumu. Imepanda tu. Springi yenye ugumu wa kilo 0.90 kwa milimita itataka kilo 0.9 kushuka kila milimita moja ya ziada, uwe umeikaza kidogo au umeikaza mpaka mwisho. Kukaza kunabadilisha mahali inapoanzia kazi, yaani urefu ambao pikipiki inakaa. Ugumu wenyewe umo kwenye waya wa springi, na hauongezwi kwa spana.

Sasa angalia hilo linafanya nini kwenye R6 yako. Gurudumu la mbele lina safari ya kama milimita 115, la nyuma 120. Ile sehemu inayozama unapokaa ndiyo akiba ya gurudumu kushukia pale lami inapobonyea. Wewe mbele umebakiwa na milimita 18, na hizo zinapungua kila unapovuta mafuta, kwa sababu uzito unahamia nyuma. Tairi likifika kwenye kibonde, shokapu inanyooka mpaka ukomo, chuma kinagonga, tairi linaachana na lami kwa kitambo kidogo kisha linarudi. Huko ndiko kurukaruka unakokusikia. Nyuma vivyo hivyo: ukibana breki, uzito wote unakimbilia mbele, shokapu ya nyuma inamaliza milimita zake 14 mara moja, na kuanzia hapo haina pengine pa kwenda ila kulibeba tairi hewani. Mikono inachoka kwa sababu umening'inia kwenye usukani ukijaribu kuituliza pikipiki ambayo ingejituliza yenyewe.

Kabla ya kugusa nati yoyote ya marekebisho, safisha na ukague. Pikipiki iliyokaa Tabora imekula vumbi, na vumbi la mchanga likikauka kwenye bomba linalong'aa linafanya kazi ya msasa kwenye oili sili. Funua sili ya vumbi taratibu kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa, pangusa, tazama kama kuna unyevu wa oili. Inyanyue mbele kwa stendi, usukani uanguke wenyewe kushoto na kulia. Ukisita katikati kana kwamba umepata shimo, beringi za usukani zimekwisha na hakuna marekebisho yatakayosaidia. Nyuma, fungua linki ya shokapu, yaani vile vyuma vinavyoiunganisha shokapu na mkono wa gurudumu. Humo mna beringi za sindano, zikikauka shokapu inakwama nusu safari na wewe utadhani ni springi. Zioshe, zipake grisi, zirudishe.

Oili ya mbele nayo imwage kama hujui ilibadilishwa lini. Shokapu za namna hii hutumia oili nyepesi ya shokapu, aina ya 5W au ile iliyotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Usikubali uwekewe oili ya injini ya 40, hata ukiambiwa "oili ni oili". Njia ndani ya shokapu ni nyembamba. Oili nzito inapita kwa shida, na vile virekebishio vya kubana au kufungua njia ya oili havitakuwa na maana tena. Kiwango kinapimwa kwa milimita kutoka mdomo wa bomba, springi ikiwa nje na shokapu ikiwa imeshindiliwa mpaka chini, miguu yote miwili, yaani shokapu ya kushoto na ya kulia, sawasawa. Nafasi ya hewa inayobaki juu ni springi ya pili: ukijaza oili zaidi, shokapu inakuwa ngumu kwenye theluthi ya mwisho ya safari, bila kubadilika sana mwanzoni. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Jambo dogo linalosahaulika kila tairi la mbele linapofunguliwa: baada ya kukaza ekseli, acha zile bolti za kubana ekseli chini ya mguu zikiwa zimelegea, shusha pikipiki, bana breki ya mbele, sukuma usukani chini mara tano au sita. Miguu itajipanga yenyewe. Ndipo uzikaze. Ukizikaza kabla, miguu inavutana na shokapu inakwama hata kama kila kilichomo ndani ni kipya.

Sasa upimaji. Mnahitajika watu watatu: wewe juu ukiwa umevaa kila kitu na umekaa mkao wa mbio, mmoja wa kushikilia pikipiki isianguke, mmoja na futikamba. Nyuma, bandika alama kwenye mkia juu ya ekseli, wima kabisa. Inyanyueni pikipiki hadi tairi liachie ardhi, pimeni kutoka ekseli hadi alama. Tuseme ni milimita 580. Shukeni, panda juu. Mwenzako aukandamize mkia chini kidogo na kuuachia upande wenyewe polepole. Pimeni, tuseme 549. Kisha auinue kidogo na kuuachia ushuke, tuseme 553. Wastani ni 551, kwa hiyo kuzama ni 580 kutoa 551, sawa na 29. Watu wengi hupima mara moja tu, na ndiyo maana vipimo vyao vya leo na kesho havifanani. Ule mkwamo wa sili na beringi unasimamisha shokapu mahali tofauti kutegemea imetoka juu au chini, nawe unataka katikati yake. Hiyo tofauti yenyewe ina habari: nyuma milimita 3 au 4 si kitu, lakini mbele ikizidi 10 rudi kwenye ekseli na sili.

Mbele pima lile bomba linalong'aa, kutoka ukingo wa sili ya vumbi hadi chuma kinachoshika ekseli, kwa utaratibu uleule.

Lenga milimita 32 hadi 35 mbele na 28 hadi 30 nyuma, ukiwa juu. Kwenye shokapu nyingi za mbele mzunguko mmoja wa nati ya juu ni kama milimita moja ya springi, na kuzama kunabadilika kwa karibu kiasi hichohicho. Wewe una safari ndefu ya kulegeza, na yawezekana utafika. Nyuma, kwa sababu ya linki, milimita moja kwenye nati ya springi inakuwa kama mbili kwenye gurudumu, kwa hiyo nenda kidogokidogo. Safisha nyuzi za nati kwa brashi na mafuta kabla ya kuzungusha. Mchanga ukiingia humo nyuzi za aluminiamu zinakatika.

Ukishapata namba hizo, shuka, pima tena pikipiki ikiwa peke yake. Hapa ndipo springi inajieleza. Nyuma ikizama milimita 5 hadi 10 kwa uzito wake tu, springi inakufaa. Isipozama kabisa, maana yake umelazimika kuikaza sana ili ikubebe, kwa hiyo springi ni laini mno kwako. Ikizama 15 au zaidi, ni ngumu mno. Wengi husikia hili wakadhani limegeuzwa. Lisome mara mbili, halijageuzwa. Mbele tarajia 20 hadi 25. Kwa pikipiki ya cc 600 ya uwanjani, mtu wa kilo 70 hadi 80 bila mavazi huanzia springi za mbele za kilo 0.90 kwa milimita, wa 80 hadi 90 huchukua 0.95, kuendelea juu 1.0. Kwa kilo 76 sitegemei ulazimike kununua chochote, isipokuwa aliyekuuzia aliwahi kubadilisha.

Tuje sasa kwenye milimita 10 za jamaa yako, na hapa nitakaa kidogo.

R6 yako imetoka kiwandani na mlalo wa usukani wa nyuzi 24, umbali wa ekseli hadi ekseli milimita 1,380, na mburuzo wa milimita 97. Mburuzo ni hivi: chora mstari ukishuka katikati ya mhimili wa usukani hadi ardhini, tairi linagusa lami nyuma ya mstari huo kwa milimita 97. Ni kama gurudumu dogo la kitanda cha hospitali, linavyoburuzwa nyuma ya pini yake ndivyo linavyojinyoosha lenyewe. Mburuzo mkubwa, pikipiki inatulia lakini ni nzito kuigeuza. Mburuzo mdogo, inageuka upesi, na ikizidi inaanza kutikisa kichwa.

Ukipandisha mabomba milimita 10 kwenye vishikio vyake, mbele inashuka kama milimita 9 wima. Gawanya kwa 1,380, zidisha kwa 57.3 ili igeuke nyuzi, unapata karibu nyuzi 0.38. Mburuzo unapungua kama milimita 2.3, unabaki 94.7 hivi. Inasikika ndogo. Lakini watu wanaoishi viwanjani hubadilisha milimita 2 au 3 kwa mara moja, na dereva anaisikia.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kulegeza springi nako kunabadilisha mlalo uleule. Ukitoka kuzama 18 hadi 34 mbele bila kugusa nyuma, umeshusha mbele milimita 15 hivi wima, sawa na nyuzi 0.6. Ungeongeza na zile 10 za jamaa, ungekuwa umekwenda karibu nyuzi nzima kwa mchana mmoja, na pikipiki ya namna hiyo kwenye mnyoosho wa Zwartkops siitaki chini yako. Kwa bahati nyuma nayo utaishusha milimita 15, kwa hiyo mbele na nyuma zinashuka pamoja na mlalo unabaki karibu ulivyokuwa. Ndiyo sababu nasema weka kuzama kwanza, mbele na nyuma siku moja, kisha ndipo uulize habari za urefu.

Matairi yanaingia kwenye hesabu hii pia. Nyuma kiwanda kinaweka 180/55. Ukipata 180/60, kama yalivyo matairi mengi ya uwanjani, ubavu wake kwa maandishi ni mrefu kwa milimita 9, na mkia umepanda hizo 9 bila wewe kugusa spana. Anayenunua tairi kwa kuagiza Dar na kupokea lililopo, alipime kipenyo kabla ya kufunga.

Na ukifika mahali kweli unahitaji igeuke upesi? Kwa dalili moja, pikipiki kutanuka nje ya kona pale unapoanza kuvuta mafuta, napendelea kupandisha nyuma kuliko kushusha mbele. Nyuma ikipanda, swingamu (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma) inainama zaidi, na mvuto wa cheni unasaidia kuzuia mkia usikae chini wakati wa kuondoka konani. Hufaidi hilo kwa kupandisha mabomba, na zaidi unapoteza nafasi ya kuilaza pikipiki konani. Kama shokapu yako ya nyuma haina sehemu ya kurefusha, huwekwa washa ya chuma ya milimita 1 au 2 chini ya kishikio chake cha juu. Nayo inazidishwa na linki, kwa hiyo washa ya 2 ni kama 4 kwenye ekseli. Baada ya hapo pima cheni upya. Cheni inakaza kuliko popote pale spoketi ya mbele, pini ya swingamu na ekseli ya nyuma zinapokuwa kwenye mstari mmoja; ikikosa ulegevu hapo, itazuia shokapu na kuua beringi.

Ukilazimika kugusa mabomba: beba mbele ya pikipiki kwa stendi ya chini ya usukani, chora alama kwa maka peni, legeza upande mmoja, usogeze milimita 2, kaza, kisha upande wa pili. Pande zote zilingane ndani ya nusu milimita. Kaza kwa spana ya kipimo kwa namba ya kitabu. Ukikaza kwa hasira, kishikio kinabana bomba likawa yai na shokapu inakwama. Mwisho hakikisha shokapu ikishuka mpaka chini, tairi na mdigadi wake havigusi rejeta.

Virekebishio vya oili ndivyo vya mwisho, na kwa ulivyoeleza vyako vyote vimefungwa. Vipo vya kushuka, vinavyopunguza kasi ya shokapu kubonyea, na vya kurudi, vinavyopunguza kasi yake ya kunyooka. Kwenye R6 ya miaka yako kushuka kuna viwili: cha polepole na cha haraka. Mwendo unaosemwa hapo ni wa shokapu yenyewe, hauhusiani na mwendo wa pikipiki. Kubana breki ni kushuka polepole hata ukiwa 200 kwa saa. Kukanyaga kijiwe ni kushuka haraka hata ukiwa 40.

Kurudi kukifungwa sana kunaleta ugonjwa unaodanganya. Pikipiki inapita juu ya mawimbi ya lami, shokapu inashuka, kabla haijarudi wimbi la pili limefika, inashuka tena kutokea pale pale, na la tatu. Mwishoni imekaa chini kabisa na imekuwa kama jiwe. Dereva anasema "ni ngumu, nilegezee kushuka", na akilegezewa inazidi kukaa chini. Tiba ni kufungua kurudi. Kukiwa wazi mno, nako, pikipiki inakurusha juu baada ya kila kibonde na inaendelea kuchezacheza kama mtumbwi.

Funga kila kirekebishio taratibu hadi kigote, bila nguvu, maana ndani ni sindano na ukiilazimisha kiti chake kinaharibika. Kisha fungua ukihesabu hatua, yaani kila "tik" moja ya kirekebishio, hadi namba ya kawaida iliyo kwenye kitabu. Hesabu siku zote kutoka kufungwa. Kisha simama kando, kandamiza mbele kwa nguvu na uachie: ipande mara moja, itulie. Ikipita na kurudi chini tena, funga kurudi hatua mbili. Ikipanda kama mtu anayeamka usingizini, fungua mbili. Nyuma fanya hivyohivyo kwa kukandamiza kiti. Mbele na nyuma zipande kwa mwendo unaofanana.

Yote haya yamalizie nyumbani. Tafadhali usiende kujaribia mwendo kwenye barabara ya Nzega. Kuna mabasi, kuna baiskeli zenye mkaa, na lami ya barabara haitakuambia lolote kuhusu kona za uwanja. Tembea taratibu mtaani kuhakikisha hakuna kinachogonga wala kuvuja, basi.

Zwartkops ni fupi, kilomita 2.4 hivi, kwa hiyo utapata mizunguko mingi ya kulinganisha. Funga kamba nyembamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye bomba linalong'aa la mbele, isukume hadi kwenye sili kabla ya kutoka. Ukirudi, mahali ilipoachwa ndipo shokapu ilipofika kwenye breki kali kuliko zote. Nyumbani, springi ikiwa nje, uwe umeshaandika mahali ambapo shokapu inagota. Ikibaki milimita 10 hadi 15 kabla ya hapo, acha. Ikigota, na kuzama ni sahihi, funga kushuka kwa polepole hatua mbili. Bado ikigota, ndipo unaongeza oili ili nafasi ya hewa ipungue milimita 5. Ikibaki 30, springi ni ngumu au hujaanza kubana breki sawasawa, na katika kipindi cha kwanza mara nyingi ni hilo la pili. Usibadilishe chochote hadi mwili uzoee.

Kitu kimoja kwa wakati, hatua mbili kwa wakati. Ukibadilisha viwili na pikipiki ikawa bora, hujui kipi kimesaidia. Ikawa mbaya, hujui kipi urudishe. Na kabla ya kulaumu shokapu, pima upepo wa matairi yakiwa ya moto, mara tu unaposimama. Namba za barabarani kwenye R6, psi 36 mbele na 42 nyuma, ni nyingi kwa uwanjani. Kwa matairi ya barabara ya mchezo anzia 31 au 32 mbele na 30 nyuma yakiwa baridi, isipokuwa aliyetengeneza tairi amesema vingine.

Kwenye daftari andika: kuzama kote kunne (mbele na nyuma, ukiwa juu na pikipiki ikiwa peke yake), hatua za kila kirekebishio, milimita za bomba zilizo juu ya kishikio, ukubwa wa tairi, upepo baridi na moto, na mahali kamba ya plastiki ilipoachwa kila kipindi. Ukirudi Tabora nitumie ukurasa huo pamoja na picha ya tairi la nyuma pande zote mbili. Kama pikipiki itakuwa bado inagoma kuingia konani huku kuzama kukiwa sahihi, tutaanza na milimita 2.